Mtoto Ana Pumu: Je, Mpango wa Daktari Umeuelewa Kweli?

MZAZI anapotoka hospitalini na mtoto mwenye ugonjwa wa pumu, huwa amebeba vitu vitatu: dawa, karatasi ya maagizo na maelezo aliyopewa kwa mdomo. Dawa na karatasi huonekana. Maelezo hayaonekani, na hakuna ajuaye ni kiasi gani kilichobaki kichwani mzazi huyo afikapo nyumbani.

Hata hivyo, ni maelezo hayo yatakayoamua mambo usiku mtoto atakapobanwa na kifua. Mlezi asipojua ni dawa gani ya kutumia, aitumie vipi, na ni wakati gani wa kukimbilia hospitali, dawa iliyo kabatini haitamfaa mtoto. Kwa sababu hiyo wataalamu wa pumu hawaridhiki tena kuuliza tu kama mzazi ana mpango. Wanataka kujua ameuelewa kiasi gani. Wiki hii tutaeleza jinsi jambo hilo linavyopimwa, na mwishoni tutakupa maswali 10 ya kujipima wewe mwenyewe.

Pumu ni nini?

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu. Njia hizo huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hukaza, na makamasi huongezeka. Hewa hupita kwa shida na mtoto hukohoa, hasa usiku na alfajiri, hutoa sauti kama ya filimbi kifuani na huhema haraka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 262 walikuwa na pumu mwaka wa 2019, na 455,000 walifariki kutokana nayo mwaka huo. Wengi wa wanaofariki ni watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema au dawa hazitumiwi ipasavyo.

Utafiti mmoja wa miaka ya karibuni uliofanywa miongoni mwa wanafunzi katika miji sita ya Afrika, ukiwemo Kampala nchini Uganda, ulionyesha kuwa watoto wengi waliokuwa na dalili za pumu hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Huenda basi mtoto anayeitwa "mwenye homa ya kila mara" ana pumu.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, vichochezi vya pumu haviko mbali. Milima yetu ina baridi na mvua nyingi, na mafua huzunguka shuleni kutoka darasa moja hadi jingine. Jikoni kuna moshi wa kuni, na nyumba nyingi zina ukungu ukutani msimu wa mvua. Kiangazi kinapofika, vumbi la barabara za murramu hufunika migomba. Kule Tabaka, wachongaji wa mawe ya sabuni hurudi nyumbani na vumbi la kazi nguoni. Yote hayo yanaweza kumsumbua mtoto ambaye njia zake za hewa zimekwisha kuvimba.

Mpango wenye rangi tatu

Mpango wa pumu ni karatasi anayoandika daktari au afisa wa kliniki, ikieleza mlezi afanye nini kila siku na afanye nini hali inapobadilika. Mipango ya namna hii ilianza kuenea miaka ya 1980 na 1990. Nchini New Zealand, ambako vifo vya pumu vilikuwa vimezidi, watafiti waliwapa watu wa jamii ya Maori kadi ndogo ya mfukoni yenye maagizo hayo. Siku hizi mipango mingi hutumia rangi kama za taa za barabarani.

Kijani maana yake ni kwamba mtoto yuko salama. Anacheza, analala vizuri na hakohoi. Anaendelea na dawa yake ya kuzuia kila siku, kama alivyoagizwa.

Njano ni tahadhari. Kikohozi kimeanza, anaamka usiku, kifua kinapiga filimbi, au amepata mafua ambayo kwa kawaida humletea shida. Hapa mlezi hutoa dawa ya kufungua kifua kwa kiasi kilichoandikwa, na kumwangalia mtoto kwa karibu.

Nyekundu ni hatari. Mtoto hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, mtoto mchanga anashindwa kunyonya, au ulimi na ufizi umebadilika rangi kuwa wa kijivu au samawati. Huenda pia akawa amechoka na kusinzia ovyo. Jihadhari zaidi kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kinaponyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika. Hiyo si nafuu, bali ni dalili kwamba hewa karibu haipiti tena. Mtoto huyo apelekwe hospitalini mara moja.

Kwa nini "Ndiyo, daktari" haitoshi

Daktari akikuuliza, "Umeelewa?" utajibu nini? Wengi wetu hujibu ndiyo. Wengine hufanya hivyo kwa heshima, wengine kwa haya, na wengine kwa sababu foleni ni ndefu na gari la kurudi Nyamusi au Nyamache linakaribia kuondoka. Jibu hilo halipimi kitu.

Mwaka wa 2003, mtafiti Roy Kessels wa Uholanzi alieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ambayo wagonjwa hupewa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo. Mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, ujulikanao kama GINA, ambao ulianzishwa mwaka wa 1993, nao unasema kuwa hadi wagonjwa 70 au 80 kati ya kila 100 hawatumii inhela ipasavyo. Msomaji, usione aibu basi kama wewe ni mmoja wao. Aibu isikuzuie kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Kuna vikwazo vingine. Karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mkato. Herufi BD, kwa mfano, maana yake ni mara mbili kwa siku, na PRN maana yake ni pale inapohitajika. Mlezi asiyejua hayo anaweza kutoa dawa ya kila siku wakati wa shida tu. Isitoshe, daktari hueleza kwa Kiswahili mambo ambayo nyumbani yataelezwa tena kwa Ekegusii, na kila anayeyapokea hupunguza neno moja au mawili.

Kikwazo kikubwa zaidi huenda kikawa hiki: anayemleta mtoto hospitalini huenda asiwe ndiye anayekaa naye. Mama hudamkia shambani kuchuma majani chai, baba yuko kazini mjini, na mtoto hubaki na nyanya au na dada yake mkubwa. Mpango ulielezwa kwa mama, lakini atakayeutumia ni nyanya, ambaye hajawahi kuishika inhela. Kwa hivyo anayepaswa kupimwa si mzazi mmoja tu, bali kila mtu anayebaki na mtoto.

Njia nne za kupima

Njia ya kwanza ni kurudia kwa maneno yako mwenyewe. Badala ya kuuliza "Umeelewa?" mhudumu husema, "Hebu nieleze utakavyomwambia nyanya ukifika nyumbani." Penye kasoro, mhudumu hueleza upya kwa njia nyingine na kumwomba mlezi arudie tena. Hapa anayepimwa si mlezi, ni maelezo. Yakishindwa kueleweka, mtoaji ndiye anayepaswa kuyarekebisha.

Njia ya pili ni kuonyesha kwa mikono. Mtu anaweza kueleza vizuri namna ya kutumia inhela na bado akaitumia vibaya. Mhudumu humpa mlezi inhela na kumtazama akifanya hatua moja baada ya nyingine, huku akitia alama hatua zilizo sahihi.

Njia ya tatu ni kisa cha kubuni. Mlezi husimuliwa hali fulani, kisha huulizwa angefanya nini. Njia hii hufichua mengi kuliko maswali ya kukariri, kwa sababu mtu anaweza kuzitaja rangi zote tatu na asijue mtoto wake yuko katika rangi ipi leo.

Njia ya nne ni hesabu ya dawa. Inhela nyingi huwa na dozi 200. Mtoto aliyeagizwa kubonyezewa mara 2 asubuhi na mara 2 jioni hutumia dozi 4 kwa siku, kwa hivyo inhela yake itakwisha baada ya siku 50. Ikiwa miezi mitatu imepita na bado mlezi anasema dawa ipo, basi kuna mambo mawili: ama siku nyingi zimerukwa, au inhela inatoa hewa tupu. Ndiyo, inhela inaweza kuendelea kutoa mvuke hata baada ya dawa yenyewe kwisha. Usiipime kwa kuitikisa wala kwa kuielelesha majini. Andika tarehe ya kuanza juu yake, au usome nambari kama ina kihesabio.

Upimaji huu haufai kufanywa mara moja tu. Yaliyoeleweka leo yanaweza kupotea baada ya mwezi, na kila ziara ya kliniki ni nafasi ya kuyarudia.

Kumbuka pia kuwa kuelewa mpango na kudhibiti pumu ni mambo mawili tofauti. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 11 kuna kipimo cha maswali 7 cha udhibiti wa pumu, manne yakijibiwa na mtoto na matatu na mlezi. Alama ni kutoka 0 hadi 27, na mwenye 19 au chini ya hapo pumu yake haijadhibitiwa. Mlezi akiwa anaelewa kila kitu na bado mtoto hapati nafuu, huenda ni dawa au kiasi chake kinachohitaji kubadilishwa.

Inhela na chupa ya plastiki

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza inhela na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa nyingi hugonga koo na kubaki mdomoni. Ndiyo maana hutumiwa spesa, yaani chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa itulie humo na mtoto aivute polepole.

Kwa wasioweza kuinunua, kuna habari njema kutoka Afrika Kusini. Mwaka wa 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti katika jarida la Lancet wakionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa tundu kitakoni linaloishika inhela sawasawa na kuzibwa pembeni, iliwafungua kifua watoto kama spesa ya kununua. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza na kuitumia. Tundu likiwa kubwa mno, dawa huvuja.

Hatua ni hizi. Tikisa inhela. Itie kitakoni mwa chupa na mtoto aweke mdomo wa chupa kati ya meno, midomo ikiwa imefungwa vizuri. Bonyeza mara moja tu. Mwache apumue kawaida kwa mdomo mara tano au sita. Kama ameagizwa zaidi ya dozi moja, tikisa tena na urudie. Kubonyeza mara mbili au tatu kwa mfululizo ni kupoteza dawa. Chombo kioshwe kwa maji ya sabuni na kiachwe kikauke chenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwani kukifuta hufanya dawa inate ukutani mwake. Mtoto mdogo sana huhitaji spesa yenye kinyago.

Jipime

Chukua kalamu. Jipe alama 1 kwa kila jibu sahihi.

1. Karatasi ya mpango iko wapi sasa hivi, na ni nani mwingine nyumbani anayeijua?
2. Kati ya dawa za mtoto wako, ipi hufungua kifua haraka na ipi huzuia?
3. Mtoto hajakohoa kwa wiki tatu. Je, usimamishe dawa ya kuzuia?
4. Umeagizwa kubonyeza inhela zaidi ya mara moja. Utafanyaje?
5. Mchana mtoto anacheza, lakini ameamka akikohoa usiku mara tatu wiki hii. Yuko katika rangi gani?
6. Umempa dawa ya kufungua kifua kama ilivyoandikwa. Amepata nafuu, lakini baada ya saa mbili amebanwa tena. Utafanya nini?
7. Ni saa nane za usiku, mvua inanyesha, na mtoto hawezi kumaliza sentensi. Wa nyumbani wanasema mngoje kupambazuke. Utafanya nini?
8. Inhela ya kuzuia itakwisha tarehe gani?
9. Taja vitu viwili vinavyomchochea mtoto wako mwenyewe.
10. Dukani umekosa inhela. Mwuzaji anakupa vidonge vya antibayotiki na dawa ya kikohozi badala yake. Je, vinatosha?

Majibu

Swali la 1: Hesabu alama kama unajua mahali ilipo bila kuitafuta na kama mtu wa pili anaweza kuieleza.

Swali la 2: Dawa ya kufungua, kama vile salbutamol, hufanya kazi kwa dakika chache na nguvu yake hudumu kwa takriban saa nne. Dawa ya kuzuia, kama vile beclometasone, hupunguza uvimbe polepole kwa siku na wiki. Usitegemee rangi ya inhela peke yake, kwani hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Soma jina.

Swali la 3: La. Mtoto yu mzima kwa sababu anaitumia. Daktari ndiye atakayeipunguza. Asukutue mdomo kwa maji kila baada ya kuitumia, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Swali la 4: Dozi moja kwa wakati mmoja, na pumzi tano au sita kati yake, kama tulivyoeleza juu.

Swali la 5: Njano. Kucheza mchana kusikudanganye. Kuamka usiku ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa.

Swali la 6: Huyu anahitaji matibabu ya hospitali sasa. Nafuu isiyodumu ni dalili kuwa shambulio linazidi nguvu ya dawa uliyo nayo.

Swali la 7: Ondoka sasa. Endelea kumpa dawa ya kufungua kwa spesa njiani, kama mpango unavyoeleza, mtoto akiwa ameketi wima. Usimlaze.

Swali la 8: Gawanya 200, au idadi iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa dozi za siku moja, kisha uhesabu kuanzia tarehe ya kwanza.

Swali la 9: Moshi, vumbi, baridi, mafua, ukungu, au chochote ulichokiona wewe mwenyewe. Jibu la kusikia kwa jirani halihesabiwi.

Swali la 10: Havitoshi. Antibayotiki hazitibu pumu, na dawa ya kikohozi haifungui njia za hewa. Hata vidonge vya salbutamol si mbadala mzuri, kwani hufanya kazi polepole na hutetemesha mwili na kuenda moyo mbio zaidi kuliko inhela. Tafuta inhela katika kituo kingine kabla shida haijaanza.

Ukipata 9 au 10, unaelewa vizuri. Sasa mfundishe mwingine. Ukipata 6 hadi 8, rudia sehemu ulizokosa katika ziara ijayo. Ukipata chini ya 6, usingoje siku ya kliniki, nenda na karatasi yako ueleezwe upya. Hata hivyo alama hizi hazina uzito sawa. Aliyekosa swali la 6 au la 7 ajihesabu kuwa hajafaulu, hata kama amepata mengine yote, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayookoa maisha.

La kufanya wiki hii

Kwanza, tazama tarehe ya mpango wako. Tangu mwaka wa 2019, GINA imeshauri kuwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Mashauri ya watoto wadogo nayo yamebadilika. Kama karatasi ni ya zamani, omba ikaguliwe. Vilevile, mtoto anayemaliza inhela 3 au zaidi za kufungua kifua kwa mwaka yuko katika hatari ya mashambulio makali, na anapaswa kuonwa na daktari.

Pili, andika mpango upya kwa lugha inayozungumzwa nyumbani. Kama nyanya hasomi, mchoree: jua kwa asubuhi, mwezi kwa jioni, na vidoti kwa idadi ya kubonyeza. Kisha mwambie akuonyeshe, na wewe ukae kimya umtazame.

Tatu, panga safari kabla ya shida. Aliye karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au hospitali ya kaunti mjini Nyamira anaweza kufika kwa dakika chache. Aliye ndani, penye barabara ya udongo inayoteleza, atahitaji saa nzima au zaidi, kwa hivyo sharti aondoke mapema zaidi. Weka nambari ya simu ya mwenye bodaboda au gari anayekubali kuja usiku, na nauli itengwe isiguswe.

Nne, mpe mwalimu nakala, na umweleze mhudumu wa afya wa kijiji kwamba nyumbani kwako kuna mtoto mwenye pumu.

Tano, achana na ile dhana kwamba inhela ni dawa ya mwisho au kwamba mtoto ataizoea asiweze kuiacha. Si kweli. Dawa ya inhela huenda moja kwa moja mapafuni kwa kiasi kidogo, na wengi huianza mapema ili wasifike pabaya.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wako, wala idadi ya dozi za mtoto wa jirani isiwe ya mtoto wako. Lakini safari ijayo ukiulizwa, "Umeelewa?" usijibu ndiyo tu. Sema, "Ngoja nikueleze nilivyosikia, nawe unisahihishe."